Mgonjwa Amefariki, Zamu Bado Inaendelea: Mwongozo kwa Mhudumu wa Afya

Nilikuwa na miezi minne kazini alipofariki mgonjwa wangu wa kwanza, mama wa makamo, kitanda cha dirishani. Nilipomchomoa kanula, ule mrija mdogo wa dripu, mkononi niliweka pamba nikabonyeza, na nikaendelea kubonyeza kama tulivyofundishwa, mpaka damu ikate. Nadhani nilikaa hivyo dakika nzima kabla muuguzi niliyekuwa naye zamu hajanishika bega na kuniambia taratibu, "Mdogo wangu, imetosha. Haitoki tena." Kisha akaniambia dripu ya kitanda cha tano imeisha. Nikaenda kubadilisha dripu.

Miaka mingi nilidhani ile pamba ndiyo iliyonikaa moyoni. Siku hizi naona ni ile dripu. Kifo niliweza kukibeba. Kilichonishinda ni kutoka kitandani kwa marehemu hadi kitanda cha tano bila hata kuvuta pumzi, nikarudia hivyo mara kumi, mara ishirini, mpaka siku moja nikajikuta najaza fomu ya kifo huku nawaza kama nguo zangu zimekauka kambani.

Mwongozo huu ni wa kuweka hiyo pumzi mahali pake. Umeandikwa kwa muuguzi, daktari, mkunga, mtu wa maabara, na pia kwa yule anayesukuma kitanda kwenda mochwari, ambaye huwa hatumuulizi kitu.

Kwanza, kijue kinachokupata

Watu wengi kazini huita kila kitu "stresi", halafu wanashangaa dawa ya stresi haifanyi kazi. Kuna mambo matatu tofauti hapa, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni huzuni yenyewe. Umemhudumia mtu wiki tatu, unajua anapenda mto uwekwe wapi, unajua jina la mjukuu wake. Akifariki, ndugu zake wanapewa pole. Wewe hakuna anayekuambia pole, wala huna matanga ya kukaa. Mtafiti wa Marekani Kenneth Doka aliielezea hali hii mwaka 1989: huzuni ambayo jamii haiitambui, kwa hiyo mwenye nayo hapewi nafasi ya kuomboleza. Huzuni ya namna hiyo haiondoki kwa kunyimwa nafasi. Hutafuta mlango mwingine, na mara nyingi mlango huo ni ukali kwa watu wa nyumbani.

La pili ni kuchakaa kwa kazi. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani Christina Maslach na mwenzake walitoa kipimo kinachotumika hadi leo, chenye pande tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona wagonjwa kama vitu ("yule wa ini, kitanda cha nane"), na kujiona kazi yako haina maana. Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hii katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali nyingine za kiafya, kama jambo linalotokana na mazingira ya kazi, na likasisitiza kwamba halihesabiwi kuwa ugonjwa. Maana yake kwako ni hii: kama umechakaa, likizo ya siku mbili haitakutibu ukirudi kwenye ratiba ileile.

La tatu ni hatia, na nimeitengea hatua yake huko chini kwa sababu ndiyo inayoua.

Kuna na hisia ambazo watu huzificha. Unaweza kuona nafuu mgonjwa aliyeteseka miezi akifariki, kisha ukajichukia kwa hiyo nafuu. Unaweza usihisi chochote leo, ukalia Jumanne ijayo kwa sababu umesikia mtu akikohoa kama yeye. Unaweza kulia kwa ajili ya mgonjwa uliyemjua saa moja, na usilie kwa yule wa miezi sita. Kutolia si ishara ya moyo mgumu, na kulia si udhaifu wa kitaaluma.

Hatua ya 1: Simama kwa dakika moja

Mara tu kifo kinapothibitishwa na saa kuandikwa, kabla mtu hajazima mashine ya mwisho na kuanza kukusanya takataka, mtu mmoja aseme: "Naomba tusimame kidogo."

Muuguzi Jonathan Bartels, wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, ndiye aliyeufanya utaratibu huu ujulikane, na umesambaa sehemu nyingi. Hauhitaji ruhusa ya uongozi wala fedha. Anayeuanzisha anaweza kuwa yeyote aliyemo chumbani, hata mwanafunzi. Maneno yawe machache na yasiwe ya dini moja, maana kwenye timu kuna watu wa kila namna. Mfano:

"Huyu alikuwa mtu. Alipendwa na watu, na yeye alipenda. Tusimame kimya kumheshimu, na kuheshimu kazi tuliyoifanya kwa ajili yake."

Kisha kimya cha sekunde 45 hadi dakika moja. Halafu, "Asanteni," na kila mtu anaendelea.

Mara ya kwanza itaonekana kama maigizo. Kuna atakayeangalia saa, na kuna daktari atakayetoka. Mwache atoke. Mara ya tatu au ya nne utaona watu wanakusubiri useme.

Na kama uko peke yako zamu ya usiku na wagonjwa arobaini? Tumia kunawa mikono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, na utanawa tu baada ya kuvua glovu. Katika sekunde hizo mtaje marehemu kwa jina, kimoyomoyo. Nimeifanya hii kwa miaka na hakuna aliyewahi kujua.

Hatua ya 2: Uhudumie mwili kama unavyomhudumia mtu

Endelea kusema naye. "Mama, nakugeuza upande wa kushoto." Anayekusikia ni wewe, na unahitaji kusikia hivyo. Fanyeni wawili kila inapowezekana, na mfanyakazi mpya asiachiwe kazi hii peke yake eti "azoee". Mtu hazoei kwa kutupwa. Hufa ganzi tu, na ganzi tunaikosea kwa ukomavu.

Hatua ya 3: Kuwaambia ndugu

Tukio linalomwandama mhudumu kwa muda mrefu mara nyingi ni uso wa mtu aliyepokea habari kuliko kifo chenyewe. Kwa hiyo kujifunza kutoa habari ni kinga yako pia. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari mbaya ambao umefundishwa sana vyuoni. Ulitungwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, lakini mifupa yake inafaa hapa: tafuta mahali pa faragha mkae, uliza wanajua nini mpaka sasa, watahadharishe, sema kwa lugha nyepesi, pokea hisia zao, kisha eleza kinachofuata.

Mahali tunapoharibu ni kwenye kusema. Lugha yetu ina njia nyingi za kukwepa: "hatunaye tena", "ametangulia", "amepumzika". Nimemwona kijana akiambiwa "mzee amepumzika" akajibu, "Basi ngoja nisimwamshe." Sema "amefariki". Litamke mara moja, kisha nyamaza. Ukimya ule ni mrefu na utatamani kuujaza kwa maelezo ya vipimo. Usiujaze.

Ukilengwalengwa na machozi mbele yao, si kosa. Mpaka ni mmoja tu: wasifike mahali pa kukubembeleza wewe. Ukiona unafika hapo, omba radhi, mwachie mwenzako, toka nje.

Wakikuambia "mmemuua", usijitetee papo hapo na usikubali kitu usichokijua. "Naona mnavyoumia. Nitabaki hapa. Maswali yenu yote yatajibiwa, na nitamwita daktari aliyekuwepo." Kisha maneno yale uyapeleke kwenye hatua inayofuata, usiende nayo nyumbani peke yako.

Hatua ya 4: Dakika kumi kabla ya kukabidhi zamu

Tunakabidhi dawa, tunakabidhi funguo, tunahesabu hadi mikasi. Kifo tunakikabidhi kwa sentensi moja: "Kitanda cha dirishani kiko wazi."

Waliokuwepo wakae dakika kumi mahali pasipo na ndugu wala wagonjwa, waulizane maswali matatu: Nini kimetokea? Tumefanya nini vizuri? Nani kati yetu hayuko sawa sasa hivi? Swali la tatu ndilo lenye thamani, na litajibiwa kama tu mkubwa wa kikao ataanza yeye. Daktari bingwa akisema "mimi huyu ameniuma, ana umri wa binti yangu," wadogo watafunguka. Akisema "haya, tujikaze," kikao kimeisha hapo.

Kumbuka kwamba hiki si kikao cha kutafuta chanzo cha kifo. Mapitio ya vifo yana siku yake na faili lake. Ukivichanganya, watu watakaa kimya kwenye vyote viwili.

Tena, kiwe cha hiari. Kuna mtindo wa zamani wa kumkalisha mtu aliyepatwa na tukio baya na kumlazimisha asimulie yote kwa kikao kimoja. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kuwa kikao kimoja cha namna hiyo hakikuwakinga watu na madhara ya baadaye, na hakuna sababu ya kuendelea kukilazimisha. Asiyetaka kusema asiseme. Apewe kiti, maji, na mtu wa kumtazama kesho yake.

Hatua ya 5: Kutoka kazini hadi nyumbani

Weka kitu kimoja kinachomaliza zamu, na kiwe kilekile kila siku. Mwenzangu mmoja anasimama getini, anavua kitambulisho shingoni, anakizungusha kamba yake mara tatu kabla ya kukitia mfukoni. Mimi hubadilisha viatu. Unauambia mwili kwamba mlango umefungwa, na mwili hujifunza polepole.

Nyumbani, sema hata sentensi moja: "Leo nimefiwa na mgonjwa, nipe nusu saa." Hujatoa siri ya mtu. Usiposema, watoto watadhani umewakasirikia wao.

Pombe ya kulalia na vidonge vya usingizi ulivyojichukulia kabatini ni mkopo wenye riba. Sitaongeza hapo.

Hatua ya 6: Siku zinazofuata

Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa mwenye afya huyumba kati ya mambo mawili: muda wa kuielekea huzuni, na muda wa kuiacha akashughulika na maisha. Kwetu hii ina maana kubwa, kwa sababu kazi imetufundisha upande mmoja tu, ule wa kuiacha huzuni. Kwa hiyo panga ule mwingine makusudi.

Njia rahisi ni kuandika. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alianza kuichunguza miaka ya 1980: kaa dakika 15, andika bila kujali tahajia jinsi ulivyohisi, fanya hivyo siku nne mfululizo, kisha choma karatasi ukitaka. Faida iliyoonekana kwenye tafiti si ya miujiza, lakini haigharimu kitu. Usiandike jina la mgonjwa wala namba ya faili, na usiandike kwenye kundi la wasap la wodi. Huko si mahali pa kuomboleza. Kesho mtu atapiga picha ya skrini.

Lala. Kula kabla hujaulizwa umekula. Na kama ndugu wamekualika mazishini na taratibu za kazi zinaruhusu, nenda ukiona moyo unataka. Ukikaa nyuma tu inatosha.

Hatua ya 7: Unapodhani umekosea

Hapa niende polepole.

Mwaka 2000 daktari Albert Wu alichapisha makala fupi katika jarida la kitabibu la Uingereza akisema kwamba kosa la kitabibu lina mwathirika wa pili: mhudumu aliyelifanya. Wengine wamelipinga neno hilo wakisema linawasahau ndugu wa marehemu, na wana hoja. Lakini hali aliyoielezea kila mmoja wetu anaijua: unarudia saa ile kichwani usiku kucha, unaona kila mtu anakutazama, unaogopa kushika sindano.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Siku hiyohiyo andika ukweli wa tukio: saa, ulichokiona, ulichokifanya, uliyemwita, alipofika. Usiguse faili kulirekebisha. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike kama nyongeza yenye tarehe na saa ya kuandikwa. Mwambie msimamizi wako kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Ndugu wana haki ya kuujua ukweli. Lakini mazungumzo hayo yapangwe pamoja na wakubwa wako, usiyafanye peke yako kwenye korido ukiwa unatetemeka.

Kisha chukua karatasi, igawe safu tatu. Ya kwanza: nilichokijua wakati ule. Ya pili: nilichokuja kukijua baadaye. Ya tatu: ambacho hakikuwa mikononi mwangu. Hatia hupenda kuchukua vitu vya safu ya pili na kuvihamishia ya kwanza. "Ningejua ni damu inavuja ndani" ni ya safu ya pili. "Hapakuwa na damu ya kuongezwa" ni ya tatu. Nilipoifanya mara ya kwanza nililia, maana safu yangu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili tu, na mmoja wao ulikuwa kosa kweli. Lakini ulikuwa mmoja. Nilikuwa nimebeba kumi na tisa.

Kingine kinacholisha hatia ni matarajio. Uchunguzi mmoja wa mwaka 1996 ulitazama vipindi vya televisheni vya Marekani vya matibabu ya dharura ukakuta kati ya waliokandamizwa kifua baada ya moyo kusimama, karibu robo tatu walizinduka. Katika maisha, hata kwenye hospitali zenye kila kifaa, mtu mzima aliyesimama moyo akiwa wodini ana nafasi ya takribani moja kati ya nne ya kutoka hai. Ukikandamiza vizuri kwa dakika thelathini na mgonjwa asirudi, hukushindwa jaribio jepesi.

Na safu ya tatu usiiache ikufie mkononi. Kujua cha kufanya na kukosa cha kufanyia, oksijeni imeisha, daktari mmoja kwa wodi tatu, ni jeraha la aina yake, na tiba yake haiko kwenye kupumua taratibu. Iandike kwa namba: tarehe, saa, kilichokosekana, kilichotokea. Peleka kwa maandishi, baki na nakala. Mkipeleka watu wanne kwa pamoja itasomwa.

Kwa mkuu wa wodi

Wewe ndiye unayeweza kufanya hatua ya 1 na ya 4 ziwe kawaida. Usimpe mtu mmoja vifo viwili kwenye zamu moja kama kuna mwingine. Aliyetoka kumhudumia mtoto aliyefariki asipelekwe moja kwa moja kwa mtoto mwingine mahututi. Mpe nusu saa ya stoo, ya kuhesabu, ya chochote kisicho na uso. Mjumuishe mhudumu wa usafi. Mara nyingi yeye ndiye aliyezungumza na marehemu mwisho.

Kuna mifano mikubwa ukitaka kujenga kitu cha kudumu. Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston, aligunduliwa saratani ya mapafu mwaka 1994 na kufariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 40. Alieleza jinsi wema mdogo wa waliomhudumia ulivyofanya yasiyovumilika yavumilike, na kituo alichokianzisha siku zake za mwisho kilizaa vikao ambapo wafanyakazi wa kada zote hukaa pamoja kuzungumzia upande wa kihisia wa kazi, bila kutafuta suluhisho. Vimeenea hospitali nyingi za Marekani na Uingereza. Kabla ya hapo, miaka ya 1950, daktari Michael Balint alikuwa tayari akikaa London na vikundi vidogo vya madaktari wakizungumzia mgonjwa mmoja anayewasumbua moyoni. Kwako inatosha saa moja kwa mwezi, chumba chenye mlango, na kanuni kwamba yanayosemwa humo hayatoki.

Hatua ya 8: Lini utafute msaada

Ukiwa na majonzi mazito au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki 2, nenda umwone mtu. Ukiendelea kuona picha za tukio bila kutaka, kuota, kukwepa chumba kile, kushtuka kwa sauti ya mashine zaidi ya mwezi, nenda. Ukianza kupunguza dozi za uangalifu wako, kusaini bila kusoma, kuchelewa makusudi ili usikute ripoti, nenda kabla hujafikia mwezi. Mshauri nasaha, daktari wa akili, mtaalamu wa saikolojia. Kama unaogopa kuonekana kwenye kituo chako, tafuta kingine.

Na hili lisemwe waziwazi. Sisi tunajua dozi, na tuna funguo za kabati. Wazo la kujiua likija, hata la kupita, mpe mwenzako funguo, usikae peke yako usiku huo, na mwambie mtu mmoja kwa maneno kamili, bila mafumbo.

Kama ni mwenzako unayemwona anazama, usimwambie apige moyo konde. Mwite pembeni, umuulize moja kwa moja: "Dada, unawaza kujidhuru?" Swali halimpi mtu wazo asilokuwa nalo. Akisema ndiyo, kaa naye, mpigieni simu mtu wake pamoja, na mwende kwa daktari pamoja. Dripu ya kitanda cha tano atabadilisha mtu mwingine.